Mutuka: Ukishindwa kuamkia, punguza mwendo!

WIKI hii safu yako imekula vumbi, msomaji wangu. Wakati wewe unabanwa mbavu ndani ya mwendokasi pale Kimara, mwenzako nilikuwa Mutuka nikitafuta mwendo usio na kasi. Usicheke. Ni kitu adimu kuliko unavyodhani, na kuna kijana mmoja kule ambaye maisha yake yote ya mbele yananing'inia hapo hapo.

Mutuka ni kata mojawapo ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ule mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kama ulitegemea nikuletee habari za disko na kuku choma, samahani, fungua ukurasa mwingine. Hapa ni mahindi na mbaazi, nyumba za tofali za kuchoma, maksai wanaovuta plau, punda na madumu ya maji, na mlima Kwaraa umekaa pale juu kama mwenye mji. Ukisema uko Babati mjini hudanganyi, kwani kata ni ya mji. Lakini jogoo ndiye anayekuamsha.

Nilipanda basi Stendi ya Magufuli, Mbezi, kabla hakujakucha. Morogoro, Dodoma, halafu likaelekea kaskazini njia ya Kondoa. Zamani hiyo barabara ya Kondoa ilikuwa adhabu, watu walikuwa wanashuka wamebadilika rangi. Siku hizi ni lami tupu. Tulipita Kolo, pale penye njia ya kwenda kwenye ile michoro ya kale ya mapangoni ambayo UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na abiria wote walikuwa wamelala fofofo! Baada ya hapo ni Bereko, kona na vilima, unateremka Bonga, ghafla unaliona ziwa Babati na unaambiwa mle ndani kuna viboko. Nikashuka kiuno kimekufa ganzi. Hewa ya jioni ilikuwa ya baridi. Bodaboda mpaka Mutuka, uji wa moto, kitanda.

Sasa kwa nini nimekwenda kote huko kutafuta habari ya kukimbia? Kwa sababu huku ndiko kwao na kukimbia, bwana. Jirani zao Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, yule wa Mexico City 1968 aliyeanguka, akafungwa bendeji na akamaliza marathoni huku watu wameshaanza kuondoka uwanjani. Mbulu hiyo hiyo imetoa Gabriel Geay, ambaye Desemba 2022 alikimbia marathoni ya Valencia, Hispania, kwa saa 2 na dakika 3 kamili. Hanang ikamtoa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, Kanada. Na Babati yenyewe ikamzaa Fabiano Joseph, ambaye mwaka 2005, akiwa na miaka 19 tu, alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Unajua alitwalia wapi? Edmonton! Sijui mji ule umelishwa nini na watu wa Manyara.

Kwa hiyo kijana wa Mutuka akikwambia anataka kuwa mkimbiaji, hakuna anayemshangaa. Kinachoulizwa ni kimoja tu: utafika lini?

Mwenyeji wangu ni mdogo wake mshikaji wangu wa Dar. Tumwite dogo, kwani ndivyo ninavyomwita. Ana miaka 21, mrefu, mguu kama wa korongo, kamaliza kidato cha nne kama mimi, na matokeo yake kama yangu, tusiyaongelee. Kilomita 10 anakimbia kwa dakika 32 na nusu. Si mchezo, lakini huku hiyo si habari. Lengo lake ni nusu marathoni ya Kilimanjaro, zile mbio za Moshi zinazofanyika kila mwaka kuelekea mwisho wa Februari. Anataka amalize sehemu ambayo macho ya timu za majeshi yatamwona, maana wengi wa wakimbiaji wetu wakubwa mkate wao umetoka jeshini, Polisi, Magereza au JKT. Hata Alphonce Simbu, bingwa wetu wa dunia, ni askari wa JWTZ.

Na baba yake ameuza mtamba. Ndiyo, ng'ombe jike ambaye hajazaa hata mara moja, kauzwa ili dogo apate kiingilio, nauli, raba mpya na chakula cha maana kwa miezi mitatu. Mzee aliniambia mwenyewe jioni ile, taratibu, huku akimtazama mwanawe: "Hii ndiyo ya mwisho. Moshi ikishindikana, kuna mtu ana pikipiki anatafuta dereva wa mkataba. Atakwenda huko." Dogo hakusema kitu. Aliangalia uji.

Kesho yake saa 12 asubuhi tukatoka. Yeye kwa miguu, mimi kwa baiskeli ya baba yake, maana sikutumwa kufa na mhariri wangu. Njia yake ni ya vumbi, mzunguko wa kilomita 12 ambao aliupima kwa mita ya bodaboda. Basi bwana, alivyoondoka pale utadhani kaiba. Kilomita ya kwanza dakika 3 na sekunde 40. Ya pili hivyo hivyo. Mimi juu ya baiskeli nilikuwa natweta. Babati iko mita 1,300 na ushee kutoka usawa wa bahari, na pafu la mtu wa Mbagala linaligundua hilo mapema sana.

Mbele kidogo tukamkuta mzee mmoja anaswaga maksai wake kwenda shambani. Mzee akasalimu kwa sauti, na salamu za huku si za Kariakoo. Hapa mtu anauliza umelalaje, wazazi je, mifugo je, mvua kwenu imefikia wapi. Dogo akainua mkono tu, akapita kama upepo. Mimi nikashuka kwenye baiskeli, nikamwamkia vizuri. "Marahaba," akasema, halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike safu hii. "Mwenzako hana adabu, au hana pumzi?"

Nikamtetea dogo. Nikasema yuko kwenye mazoezi, mzee wangu, ana mashindano Februari. Mzee akahesabu kwa vidole: Desemba, Januari, Februari. Akacheka. "Mashindano ni Februari, na yeye anayakimbia leo?"

Kumbe mzee huyo naye alikuwa mkimbiaji enzi zake, mbio za nyika, kwenye michezo ya majeshi. Jioni tukamfuata kwake. Dogo alikuja shingo upande, maana baba yake alishasikia kwamba mwanawe amempita mtu mzima bila kumwamkia, na nyumbani hapakuwa na amani. Akaomba radhi, akasamehewa, tukaletewa maziwa ya mgando. Halafu mzee akaanza kumhoji kama daktari. Unakimbia siku ngapi kwa wiki? Sita. Zote kama leo? Zote. Usingizi? Sio mzuri. Ugoko unauma? Kimya. Unauma au hauumi? Unauma, mzee, wa kushoto. Kwenye mashindano unachoka wapi? Baada ya kilomita ya sita miguu inakataa. Tangu lini dakika zako hazipungui? Dogo akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemchongea. "Tangu mwezi wa tano."

Hapo ndipo somo lilipo, na mzee alilisema kwa njia ambayo mimi na wewe tulishaijua tangu shule ya msingi. "Nyie hamkukimbia mchakamchaka?"

Tulikimbia! Nani hakukimbia mchakamchaka nchi hii? Asubuhi, miguu mitupu, mistari miwili, mmoja anaanzisha wimbo na shule nzima inaitikia, hadi mwalimu wa zamu aridhike. JKT nako ni hivyo hivyo. Sasa fikiria, msomaji wangu: unaweza kuimba ukiwa unakimbizwa na mbwa? Huwezi. Wimbo wenyewe ndio uliokuwa unashika breki. Ukiona kikosi kinaimba vizuri, ujue kinakwenda mwendo ambao kinaweza kwenda saa nzima. Wimbo ukianza kukatika katika, kiongozi anajua amezidisha. Watu walikuwa wanajenga pumzi na wanadhani wanaburudika.

Wazungu nao wanacho kipimo hicho hicho ila wao wanapiga soga. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand, fundi wa kiwanda cha viatu, ndiye aliyekitangaza sana: kimbia kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako. Vijana wake walikuwa wanakula kilomita 160 kwa wiki kwa miezi kadhaa kabla ya kugusa mazoezi ya kasi, pamoja na mzunguko wa kilomita 35 hivi kwenye milima ya Waitakere, karibu na jiji la Auckland. Watu wakamwona kichaa, hasa kwa kumpitisha huko Peter Snell, ambaye mbio zake ni mita 800 tu! Tarehe 2 Septemba 1960, Olimpiki ya Roma, Snell akachukua dhahabu ya mita 800, na kabla hata saa moja haijaisha mwenzake Murray Halberg akachukua ya mita 5,000. Kelele zikaisha.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua nyie vijana wa mjini hamuamini kitu bila namba. Dogo kilomita 10 anamaliza kwa dakika 32 na nusu, yaani kila kilomita dakika 3 na sekunde 15. Mwendo wa kujenga pumzi kwa mtu kama huyo ni kuongeza dakika 1 hadi 1 na nusu kwa kila kilomita: kati ya dakika 4 na sekunde 15 hadi dakika 4 na sekunde 45, na kwenye njia ya vumbi yenye vilima hata 4 na 50 ni sawa. Yeye alikuwa anakwenda 3 na 40 kila siku ya Mungu. Mwendo huo hauna kwao. Kwa mazoezi ya kasi ni mdogo, kwa kujenga msingi ni mkubwa. Unachosha mwili kama mashindano lakini haukufundishi mashindano.

Wewe wa Coco Beach ambaye kilomita 10 unaziburuza kwa saa nzima, hesabu yako ni hiyo hiyo: dakika 6 kwa kilomita kwenye mashindano, basi mazoezi yako ya kawaida yawe 7 hadi 7 na nusu. Najua itakuuma. Kuna mama atakupita na ndoo ya samaki.

Ukitaka uhakika zaidi, tumia moyo wako mwenyewe, ni bure. Toa umri wako kwenye 220, unapata makadirio ya mapigo ya juu kabisa kwa dakika. Ni makadirio tu, watu hatulingani, usije ukaniletea kesi. Kwa dogo ni 199. Mwendo wa msingi unakaa kwenye asilimia 65 hadi 75 ya hapo, yaani kama 130 hadi 149. Simama, weka vidole viwili shingoni papo hapo, hesabu sekunde 10, zidisha kwa sita. Ile asubuhi ya kwanza nilimsimamisha mwisho wa njia akahesabu 30. Mapigo 180! Huyo ni mtu anayejiita yuko kwenye mazoezi mepesi.

Kwa nini polepole inafanya kazi? Nitakwambia kwa lugha ya kijiweni. Ukikimbia kwa utulivu muda mrefu, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Ndani ya misuli vinaota vimishipa vidogo vidogo vya kupitishia damu, na vile vinu vya nguvu vilivyomo ndani ya misuli vinaongezeka. Mwili unazoea kuchoma mafuta badala ya kukimbilia sukari, ambayo akiba yake ni ndogo. Mambo hayo yanataka wingi wa saa, wiki baada ya wiki, na saa nyingi hutaziweza kama kila siku unarudi nyumbani umekufa nusu. Halafu kuna kano na mifupa. Pumzi inaweza kukua ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa vinachukua miezi. Ndiyo maana dogo mapafu yanasema twende na ugoko unasema bwana ngoja.

Mimi na mzee tulipishana jambo moja tu. Yeye anasema miezi miwili yote iwe mchakamchaka mtupu. Mimi nikamwambia, kwa heshima zote, hata Lydiard hakuwa mtu wa kutembeza watu kama wanakwenda msibani. Wale vijana wake walikuwa wanazungumza, sawa, lakini siku kadhaa mwendo wao ulikuwa umekaza kwelikweli. Na Wakenya wa Iten wanaanza taratibu hadi unaona aibu, lakini wakishapata joto mara nyingi wanamaliza wamechangamka. Tukakubaliana hivi: siku tano mwendo wa maamkizi, siku moja ya wiki akimaliza kilomita nane aachie nne za mwisho mpaka maneno yawe mafupi, na Jumapili apumzike aende ibadani. Mzee akakubali kwa kichwa, usoni hakukubali.

Mwendo wa maamkizi, hilo jina ni langu, lakini kipimo ni cha mzee. Kila mtu mzima atakayekutana naye njiani, dogo amwamkie kikamilifu. Siyo "kamoo" ya kutupia. Shikamoo babu, habari za tangu jana, nyumbani hawajambo, na asikie jibu na ajibu tena, huku miguu inaendelea. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta hewa katikati, amezidisha, apunguze hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata tukalijaribu, na nakwambia ilikuwa mateso. Si ya mwili, ya roho. Kilomita ya kwanza dakika 4 na sekunde 52, na kila baada ya hatua mia miguu ya dogo inataka kutoroka. Mama mmoja mwenye dumu kichwani akaamkiwa, akafurahi, akauliza habari za mama yake. Watoto wa shule wakaungana naye, wakamwacha! Halafu tukafika kwenye kijiwe cha bodaboda njia panda, ndipo kasheshe ilipoanza. "Vipi bingwa, leo unaumwa?" "Mtamba wa mzee ndio unatembea hivyo?" Wakapiga honi. Dogo shingo ikavimba, nikamwona anaanza kuongeza. Nikampigia kengele ya baiskeli. Akageuka na macho mekundu, akasema kwa hasira, sentensi nzima, bila kukata pumzi: "Kaka, wewe utarudi Dar, mimi ndiye nitakayeishi na hawa watu!"

Nikamwambia, umeona? Umeweza kunitukana vizuri kabisa. Mwendo ni huo huo.

Hakucheka. Na mimi sikumlaumu. Ndugu zangu, tunaongea habari za mapigo ya moyo na vinu vya misuli kana kwamba mtu anakimbia mwezini. Huyu anakimbia mbele ya watu wanaojua bei ya ng'ombe wa baba yake. Kwao, kijana anayekwenda polepole ni kijana anayekula hela ya mzee. Hakuna programu ya simu inayopima kitu hicho. Nadhani wengi wanaoharibikiwa hawakosi elimu ya mwendo, wanakosa mtu wa kuwatetea kijiweni.

Baba mtu ndiye aliyebaki. Jioni ile yule mzee wa maksai alikuja mwenyewe, wakakaa nje wawili, wakaongea kwa kilugha chao na mimi nikabaki kuhesabu nyota. Nilichoambiwa baadaye ni kwamba alimuuliza baba: ukianza kulima, maksai wako unawachapa tangu asubuhi ya kwanza ya msimu, au unawaacha wazoee nira? Baba akanyamaza sana. Kesho yake saa 12 asubuhi alikuwa amesimama pale kijiweni, koti begani, kana kwamba anasubiri usafiri. Dogo akapita, akamwamkia. "Marahaba, mwanangu, endelea hivyo hivyo." Bodaboda hakuna aliyepiga honi.

Siku ya nne ikanyesha. Udongo wa huku ukilowa unashika raba kama gundi, kila mguu unaongezeka uzito, na dogo akaniuliza afanye nini, maana ile 4 na 50 haipatikani bila kupigana. Jibu ni kuachana na saa. Moyo haujui habari ya kilomita, unajua kazi. Kwenye tope, kwenye upepo, kwenye mlima, unashika jasho lile lile na pumzi ile ile, dakika ziende zinakotaka. Siku ile alikwenda 5 na 20, akarudi amepaka matope hadi masikioni, mapigo 141. Safi kabisa.

Na nyie wa Dar sikilizeni hapo hapo. Joto na unyevunyevu wa pwani vinapandisha mapigo bila wewe kuongeza hata hatua moja. Mwendo uliokuwa mwepesi saa 12 asubuhi unaweza kuwa wa mashindano saa 4. Usimkopi mtu wa Arusha, usimkopi hata rafiki yako wa mwaka jana. Vile vikundi vyenu vya jogingi vya Temeke na Mbagala vinavyopita Jumamosi vikiimba na kuziba barabara, ambavyo mnavitukana mkiwa kwenye magari, vile viko sahihi kuliko huyo jamaa wa Masaki mwenye saa ya bei mbaya anayekimbia kimya huku mishipa ya shingo imemtoka. Wakiacha kuimba ndipo uwaonee huruma.

Kuna swali moja ambalo dogo aliniuliza usiku wa mwisho, na ni swali la maana. Tukiwa tunaota moto akasema: "Lakini Simbu alishinda kwa kasi, kaka, siyo kwa maamkizi." Ni kweli. Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia utepe pamoja, wote saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua: tofauti ilikuwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo ya dunia. Lakini zile hatua za mwisho alizifanya baada ya kukimbia kilomita 42, kila moja kwa wastani wa dakika 3 na sekunde 5. Kasi ya mita mia karibu kila kijana wa Mutuka anayo. Kuwa nayo bado baada ya kilomita 42 ndiko kunakotengenezwa miezi mingi nyuma, kwenye asubuhi ambazo hakuna anayepiga picha. Dogo akachokoa moto. "Sasa nitajuaje kama inaingia?"

Hilo lina kipimo chake. Njia ile ile, saa ile ile, mapigo yale yale ya 140, kila baada ya wiki mbili anaandika dakika alizotumia kwa zile kilomita 12. Pumzi ikikua, mapigo yanabaki pale pale na dakika zinashuka zenyewe. Zisiposhuka kwa mwezi mzima, au mapigo ya asubuhi kitandani yakiwa juu siku kadhaa mfululizo, amechoka au anaumwa, apumzike. Nikamwachia daftari la kurasa 40 na kalamu. Nikapanda basi.

Mwanzo wa Desemba alinitumia ujumbe: dakika 58. Baada ya wiki mbili, 57 na nusu, akaongeza alama ya kununa. Krismasi hakuandika kabisa na mimi nikaanza kuwa na wasiwasi, maana nilijua kijiwe sikukuu kinakuwaje. Kumbe simu ilikuwa haina chaji. Juzi, katikati ya Januari, akapiga mwenyewe. Kilomita 12, mapigo 140, dakika 55. Ugoko hauumi tangu mwaka mpya. Jumanne ijayo anaanza mazoezi ya kasi, wiki chache kabla ya Moshi, na anaogopa kama mtoto anayekwenda kung'olewa jino.

Nikamuuliza kijiweni vipi. Akasema wawili kati ya wale bodaboda sasa wanakimbia naye Jumamosi, mmoja wao ni yule wa "bingwa unaumwa", na anatweta vibaya, anaamkia nusu nusu. Nikamuuliza baba. Akasema baba hasemi kitu ila anauliza dakika.

Tatizo jipya ni yule mzee wa maksai. Ametangaza kwamba naye lazima afike Moshi, na nauli yake haimo kwenye hesabu ya mtamba.